Usaili wa kwanza ukitoka chuoni: mwongozo kamili, kuanzia tangazo la kazi hadi mbele ya jopo

Kila msimu wa mahafali ukipita napata ujumbe wa aina moja: "Kaka, nimeitwa usaili mara nne, kote sijapita. Nadhani ni kwa sababu sina uzoefu."

Nimekaa upande wa wasaili kwa miaka kadhaa. Anayemwita kijana aliyemaliza chuo juzi anajua fika kwamba hana uzoefu, maana wasifu wake ameusoma. Kinachomwangusha ni kuingia chumbani na sifa tupu: mchapakazi, mwaminifu, najituma, naweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Waliotangulia asubuhi hiyo wameshasema hayohayo, tena kwa mpangilio uleule, utadhani walikariri kwa mwalimu mmoja.

Hapa tutajiandaa kuingia na matukio badala ya sifa. Nimefuata hali ya Tanzania, kwa anayeitwa na kampuni binafsi na kwa anayeitwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Tenga siku saba. Ukiwa na siku mbili tu, fanya hatua ya 1, 2, 3 na 7 kwa ukamilifu, nyingine zipitie juujuu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tangazo la kazi, neno kwa neno. Lipige picha ya skrini siku ileile unayoomba. Tarehe ya mwisho ikipita, mara nyingi huondolewa.
- Barua ya maombi na wasifu ulioutuma. Uwe uleule uliotuma, maana ndio ulio mezani kwao. Ulioboresha jana hawajauona.
- Ripoti yako ya fildi (mafunzo kwa vitendo), pamoja na lile daftari la kazi za kila siku alilosaini msimamizi.
- Vyeti halisi: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kama ulipita huko, cha stashahada au shahada, na transkripti.
- Kitambulisho: cha Taifa, cha mpiga kura, leseni ya udereva au hati ya kusafiria.
- Daftari dogo, kalamu mbili, na simu inayorekodi sauti.
- Mtu mmoja asiyekuonea haya. Rafiki anayekusifia kwa kila kitu hafai kazi hii.

Onyo kuhusu vyeti. Tangazo la kuitwa kwenye usaili la Sekretarieti ya Ajira huwa na masharti mwanzoni kabisa, kabla ya majina. Wengi wanaruka moja kwa moja kwenye orodha, wanajiona, wanapiga kigelegele, wanafunga faili. Rudi uyasome. Matokeo ya muda na karatasi za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi. Kama majina yako yanatofautiana kwenye nyaraka, hata kwa herufi moja, unatakiwa kuwa na hati ya kisheria inayothibitisha kwamba ni wewe. Aliyesoma nje ya nchi apeleke uthibitisho wa TCU (vyuo vikuu), NACTVET (vyuo vya kati) au NECTA (mitihani ya shule), kutegemea ngazi ya cheti. Na kazi zenye bodi za kitaaluma zinadai cheti cha usajili.

Mambo haya hayashughulikiki usiku mmoja. Kama cheti chako kimekwama chuoni, anza kukifuatilia leo, hata kabla hujaitwa popote. Si vizuri kulala kwenye basi kutoka Bukoba hadi Dodoma ili uambiwe mlangoni kwamba karatasi uliyobeba haitoshi.

## Hatua ya 1: Lichambue tangazo

Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika kila jukumu lililotajwa kwenye tangazo, moja moja. Kulia andika ni wapi umewahi kufanya kitu kinachokaribiana nalo.

Mfano, tangazo la msaidizi wa hesabu lina "kuandaa hati za malipo", "kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki" na "kutunza nyaraka za fedha". Hati za malipo ulizigusa fildi. Kulinganisha daftari na taarifa ya benki ulifanya darasani tu. Nyaraka ulizipanga. Basi lile la katikati ndilo la kusoma wiki hii.

Sababu ya kufanya hivi ni rahisi: maswali mengi ya jopo hutungwa kutoka kwenye orodha hiyo ya majukumu, na karatasi ya alama huifuata. Kusoma notisi za miaka mitatu zote ni kujichosha bure.

Kwa kampuni binafsi ongeza mambo matatu: inauza nini na kwa nani, matawi yake yako wapi, na jambo moja kubwa la karibuni. Ukiitwa na benki una bahati, kwa sababu benki hutangaza taarifa zake za fedha kila robo mwaka. Tafuta ya mwisho, angalia amana za wateja zimepanda au zimeshuka, mikopo iko wapi, faida kiasi gani. Kijana anayesema "nimeona kwenye taarifa yenu ya robo iliyopita kwamba..." hufanya wasaili wanyanyue vichwa kutoka kwenye makaratasi.

Umemaliza hatua hii ukiweza kueleza kazi yenyewe kwa bibi yako, kwa maneno ya kawaida, naye akaelewa utakuwa unafanya nini Jumatatu asubuhi.

## Hatua ya 2: Andaa visa vitano

Hii ndiyo hatua ya kutumia muda mwingi kuliko zote.

Kisa ninachosema hapa ni tukio la kweli lililokupata, lenye sehemu nne: hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa kufanya nini, ulifanya nini hasa, na mwisho ulikuwaje. Andaa vitano:

1. Kosa ulilolifanya na jinsi ulivyolirekebisha.
2. Mtu mliyeshindwa kuelewana, kisha mkamaliza kazi.
3. Kazi nyingi, muda mfupi.
4. Jambo jipya ulilojifunza haraka kwa sababu lilikuwa linahitajika.
5. Kitu ulichokianzisha, au ulichokiokoa kisiharibike.

Kwa nini vitano? Kwa sababu maswali ya jopo ni mengi kwa sura lakini kwa undani ni hayo. "Tupe mfano wa changamoto uliyokutana nayo", "Ukipewa kazi mbili zote za haraka utafanyaje?", "Unafanyaje kazi na mtu mgumu?" Yote unaokota mojawapo ya vitano na kukisimulia.

Tazama tofauti. Binti mmoja wa uhasibu niliyemsaidia kujiandaa alikuja na jibu hili kuhusu fildi yake:

"Nilifanya fildi katika idara ya fedha ambapo nilisaidia kazi mbalimbali za ofisi na kwa kweli nilijifunza mambo mengi sana."

Nikamuuliza: mbalimbali zipi? Tukakaa karibu saa nzima na lile daftari lake la fildi. Likatoka hili:

"Wiki ya tatu nilipewa boksi la hati za malipo za robo mwaka nizipange kwa ajili ya wakaguzi. Nilipozipitia nikakuta hati 17 hazina risiti ya EFD. Niliandika orodha: namba ya hati, mtoa huduma, kiasi, tarehe. Nikampelekea msimamizi siku hiyohiyo. Akaniruhusu nipige simu kwa watoa huduma, nikapata risiti 12 ndani ya siku nne. Tano zilizobaki akazichukua yeye, kwa sababu zilihitaji barua. Wakaguzi walipofika, boksi lilikuwa na orodha juu, na kila kilichopungua kilikuwa na maelezo."

Hakuna mahali aliposema yeye ni makini au mwaminifu. Jopo linajiandikia lenyewe. Na angalia zile risiti tano ambazo hakuzipata: kuzitaja ndiko kulikofanya nimwamini kuhusu zile 12.

Mimi, si sisi. Tumelelewa kutojikweza, kwa hiyo kijana akisimulia kazi yake utasikia "tulifanya, tukapanga, tukafanikisha". Ni adabu nzuri nyumbani. Chumba cha usaili kinakupa alama wewe peke yako, na msaili hana namna ya kujua kwenye hiyo "tulifanya" mkono wako ulikuwa upi. Sema hivi: "Tulikuwa watano kwenye mradi. Mimi nilikuwa nakusanya takwimu, na nilifanya hivi na hivi." Umewaheshimu wenzako, na kazi yako imeonekana.

Ambaye fildi haikumpa kitu. Wapo waliotumwa chai na kutoa kopi wiki nane. Tafuta kwingine. Ulikuwa kiongozi wa darasa ukapambana na mhadhiri asiyetokea? Ulikuwa mweka hazina wa kwaya? Ulikaa kwenye kibanda cha wakala wa pesa likizo nzima, ukifunga hesabu ya floti kila usiku, na siku moja ikapungua 30,000 ukaitafuta hadi ukaipata? Hicho ni kisa cha uhasibu kushinda miradi mingi ya darasani. Vijana wanakificha kwa sababu wanaona kibanda ni aibu.

Onyo: usibuni kisa. Msaili mzoefu haulizi swali moja. Atauliza msimamizi alisemaje, mlitumia programu gani, ilichukua siku ngapi. Uongo huwa unakatika kwenye swali la tatu, na ukikatika hata ya kweli uliyosema hayaaminiki tena.

Visa vyako viko tayari kila kimoja kikisimuliwa ndani ya dakika mbili na kikawa na angalau tarakimu moja unayoikumbuka bila kuangalia daftari.

## Hatua ya 3: Jibu la "Jitambulishe"

Swali hili linakuja kwanza karibu kila mara, na linaharibu wengi kwa sababu wanaliona jepesi. "Naitwa fulani, nilizaliwa mwaka 2001, ni mtoto wa tatu kati ya watano, shule ya msingi nilisoma..." Ukifika sekondari wasaili wameshaanza kuangalia jina linalofuata kwenye orodha.

Tumia dakika moja na nusu, katika mafungu matatu. Kwanza ulipo sasa: umesoma nini, wapi, umemaliza lini. Pili, jambo moja au mawili uliyoyafanya yanayogusa kazi hii. Hapa unachungulisha kisa bila kukimaliza. Tatu, kwa nini uko mbele yao leo, ukitaja kitu kimoja kutoka kwenye tangazo.

Usilikariri jibu hili neno kwa neno. Mtu aliyekariri akikatizwa hawezi kuendelea, anarudi mwanzo kama kaseti. Kariri mafungu tu.

## Hatua ya 4: Maswali yanayotega

"Udhaifu wako ni upi?" Usiseme unapenda mno ukamilifu au unafanya kazi kupita kiasi. Limechakaa hilo. Taja udhaifu wa kweli usiogusa moyo wa kazi hiyo, na hatua uliyoichukua. "Nilikuwa naogopa kuuliza nikidhani nitaonekana sijui. Fildi ilinigharimu siku nzima ya kazi niliyoirudia. Siku hizi naandika maswali yangu asubuhi na kumuuliza msimamizi yote kwa pamoja."

"Umekaa mwaka mzima bila kazi, ulikuwa unafanya nini?" Usione haya. Duka la shangazi, kufundisha tuisheni, kilimo cha matikiti kilichokula hasara, vyote ni majibu. "Nilikuwa natafuta kazi" peke yake si jibu.

"Je, una swali?" Kuwa nalo moja. "Mtu mliyemwajiri kwenye nafasi hii akifanya vizuri, baada ya miezi sita mtakuwa mmeona nini?" Usiulize likizo wala posho hapo.

## Hatua ya 5: Kama kuna mtihani wa kuandika

Utumishi wa umma huanza na usaili wa mchujo kabla ya mahojiano, na baadhi ya kada zina usaili wa vitendo katikati. Ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal (mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi serikalini) mapema, unakili namba yako ya mtihani. Matangazo husema haitatolewa siku ya usaili.

Soma yale majukumu ya hatua ya 1, kisha mambo ya jumla ya utumishi: Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura 298, na kanuni nane za maadili ya utumishi. Zile kanuni nane zijue kwa mifano. Swali la "utafanyaje mkubwa wako akikuagiza kupitisha malipo yasiyo na nyaraka" linajibiwa kutoka humo.

## Hatua ya 6: Jua hesabu ya mshahara kabla hujaulizwa

Serikalini ngazi ya mshahara imeandikwa kwenye tangazo, mfano TGS D, kwa hiyo hakuna mjadala. Kampuni binafsi watakuuliza "unatarajia kiasi gani?" na kijana hutaja namba iliyomjia kichwani.

Chukua 800,000 kwa mwezi, tuseme yote ni mshahara wa msingi. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10 ni 80,000. Zinabaki 720,000 za kutozwa kodi. Kwa viwango vya Tanzania Bara vya tangu Julai 2021, 520,000 za mwanzo zina kodi ya 20,000, na 200,000 zinazozidi hutozwa asilimia 20, yaani 40,000. Kodi jumla 60,000. Mkononi 660,000.

Bado. Kama ulisoma kwa mkopo, makato ya Bodi ya Mikopo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 120,000. Unabaki na 540,000. Sasa toa kodi ya chumba, nauli na chakula, uone kama namba uliyokuwa umeipanga inakutosha.

Taja kiwango cha chini na cha juu, ukieleza ni kabla ya makato. Watu wawili wakisema "laki nane", mmoja akimaanisha ya mkononi na mwingine kabla ya makato, ugomvi unaanza siku ya mshahara wa kwanza.

## Hatua ya 7: Yaseme kwa sauti

Kujibu kichwani si mazoezi. Mpe yule mtu asiyekuonea haya maswali kumi, akuulize bila mpangilio, simu ikirekodi. Kisha sikiliza rekodi. Inauma, najua. Utasikia "yaani" arobaini na sentensi zisizofika mwisho.

Fanya hivyo siku tatu, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Majopo mengi huanza kwa Kiingereza, hata kwa kazi ambayo utaifanya kwa Kiswahili kutwa. Kiingereza chepesi kilichonyooka kinatosha. Anayehangaika na misamiati mikubwa ndiye anayeteleza. Ukikwama kabisa, omba ruhusa kwa heshima umalizie kwa Kiswahili. Wapo watakaokataa, lakini kuomba ni bora kuliko kunyamaza.

Umeiva pale mwenzako akikukatiza katikati ya kisa nawe ukajibu, kisha ukarudi ulipoachia.

## Hatua ya 8: Siku moja kabla

Nguo: safi, iliyopigwa pasi, inayokutosha. Suti si lazima. Shati zuri la mtumba la Karume lililonyooshwa linaheshimika kuliko suti ya kuazima inayokushuka mabegani. Viatu vipige rangi, na beba kitambaa cha kufutia vumbi ukishuka kwenye bodaboda.

Nenda ukaone jengo kama uko mji huohuo. Kwa Dar es Salaam, kadiria safari kwa foleni ya asubuhi, siyo kwa ile ya Jumapili. Panga kufika nusu saa kabla.

Kama usaili ni kwa njia ya video, angalia umeme wa LUKU umebaki kiasi gani, nunua bando, chaji simu na kompyuta, na kaa ukiutazama mwanga wa dirisha, usiupe mgongo. Waambie wa nyumbani mapema. Nimewahi kumsaili kijana huku jogoo akijibu maswali kabla yake.

Onyo la mwisho kabla ya safari: mwajiri wa kweli hakudai pesa ili akusaili. Ukiambiwa utume "ada ya fomu" au "ya vipimo" kwa namba ya simu, umeshaingia kwenye mikono ya matapeli. Futa.

## Hatua ya 9: Ndani ya chumba

Mlinzi wa getini na dada wa mapokezi wasalimie vizuri; wasaili huwauliza. Ukiingia, salimia jopo lote kwa pamoja. Wakiwa watu wazima na wameanza kwa Kiswahili, "shikamooni" haijawahi kumharibia mtu. Subiri ukaribishwe kukaa. Simu izimwe kabisa. Mtikisiko wake juu ya meza unasikika.

Jibu kwa kumtazama aliyeuliza, kisha pitisha macho kwa wengine. Swali usilolielewa omba lirudiwe. Usilolijua sema hulijui, ongeza ungelitafutia wapi. Kukaa kimya sekunde tano ukifikiri ni sawa kabisa, ingawa kwako zitaonekana dakika.

## Hatua ya 10: Jioni ya siku hiyo

Kabla hujampigia mtu simu kusimulia, fungua daftari uandike kila swali uliloulizwa na ulivyojibu. Kesho yake utakuwa umesahau nusu. Yale uliyoyumba yawekee alama. Ndiyo utakayoanzia ukiitwa pengine.

Kwa kampuni binafsi, tuma ujumbe mfupi wa shukrani, mistari mitatu, kwa barua pepe waliyokuitia. Wakipitisha tarehe waliyokuahidi kwa wiki moja, uliza mara moja tu. Kwa usaili wa serikali fuatilia akaunti yako na matangazo ya kuitwa kazini, na usibadilishe namba ya simu. Aliyefaulu lakini nafasi zikawa zimejaa huwekwa kwenye kanzidata, na simu inaweza kuita miezi kadhaa baadaye, wakati umeshaacha kuisubiri.